MWAKA TULIOKAA MITA MOJA MOJA
Historia ya mfuko wa jamii wa kikundi chetu wakati wa korona

Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi. Kamati ya sherehe iliniomba niandike historia ya kikundi. Nikawaambia, jamani, mimi nimeishia darasa la saba, tena miaka mingi imepita, mwandikieni mwalimu. Wakasema mwalimu hakuwapo pale chini ya mwembe, wewe ulikuwapo. Basi nimeandika. Katibu amenisahihishia herufi, lakini maneno ni yangu, na kosa likionekana ni langu.

Sitaandika historia yote. Mambo ya kuanza, uchaguzi wa viongozi na safari zetu yameandikwa kwenye kurasa nyingine. Mimi naandika juu ya jambo moja, nalo ni ule mfuko wa jamii na yaliyotupata mwaka 2020 na 2021. Sababu ni hii. Katika wanachama wa leo, karibu nusu wameingia baada ya korona. Kila mwaka tunapokaribia mgawo wananiuliza, "Mama mwenyekiti, hii mia tano ya kila wiki ambayo haizai riba inakaa kufanya nini? Kwa nini tusiiunganishe na mfuko wa mikopo ili mgawo uwe mkubwa?" Swali ni halali. Na mwaka huu limeandikwa rasmi kuwa ajenda ya mkutano mkuu. Sasa kabla hamjapiga kura, someni.

Tulianza Machi 2015 hapa Mbamba Bay tukiwa wanawake 24. Wilaya ya Nyasa ilikuwa bado changa, maana ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na mambo mengi ya ofisini tulikuwa bado tunayafuata kule kule Mbinga kwa ile barabara ya vumbi ya milimani. Mwenye kuikumbuka haitaji maelezo. Masika gari lilikuwa linalala njiani, na ndoo za dagaa zinaoza juu yake. Wengi wetu tulikuwa wauza dagaa, hawa usipa wetu, tunawapandisha Mbinga na kuteremsha maharage na viazi kutoka kwa Wamatengo. Wengine mama lishe, wawili washonaji, mmoja mwalimu wa chekechea.

Utaratibu wetu mnaufahamu: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na sanduku kwa mtu wa nne. Mwalimu aliyetufundisha alituambia kwamba mtindo huu ulianza Niger, Afrika Magharibi, mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Nilishangaa sana siku ile. Nilidhani ni jambo la wasomi wa Ulaya, kumbe ni akina mama wa jangwani wasiojua kusoma wengi wao. Ndiyo maana wakati wa kufunga sanduku kila mwanachama anakariri kwa kichwa kiasi kilichobaki ndani, na wiki inayofuata kinatajwa kwa sauti kabla ya kufuli kufunguliwa. Daftari linaweza kudanganya, au kuliwa na mchwa, lakini vichwa 24 haviwezi kudanganya pamoja.

Hisa ilikuwa shilingi 2,000, mtu ananunua kuanzia moja hadi tano kwa wiki. Pembeni kila mtu anatoa 500 ya mfuko wa jamii. Hii siyo hisa, haina riba, haigawanywi kwa mwenye hisa nyingi. Ni ya msiba, ugonjwa, nyumba kuungua, mtumbwi kuzama. Sisi wenyewe mwanzoni tuliilalamikia. Mwalimu akatuuliza, "Hivi babu zenu waliishije kabla ya benki?"

Swali lile lilinifanya nimwendee mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye amesoma vitabu vingi vya historia ya huku kwetu. Akanieleza kwamba kwa Wamatengo kulikuwa na sengu. Watu wa ukoo mmoja wanaokaa kwenye ntambo mmoja, yaani mgongo mmoja wa mlima kati ya vijito viwili, walikuwa wanakula pamoja, chakula kikiletwa kutoka nyumba mbalimbali, na hapo wazee ndipo walipozungumza mashauri yote. Mimi nikaona faida yake papo hapo. Nyumba ikikosa chakula haina haja ya kwenda kuomba, inaonekana yenyewe. Hakuna aibu ya kubisha mlango. Na kulima ngoro, yale mashimo ya mlimani, watu walikuwa wanaalikana, leo kwako kesho kwangu, hivyo mgonjwa shamba lake halikulala.

Mzee yule akanisomea pia habari za mwaka 1918. Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa inakwisha. Jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck alikuwa ametorokea Msumbiji na jeshi lake, na mwisho wa Septemba 1918 alivuka tena mto Ruvuma akapita upande wa Songea. Wakati huo huo homa kubwa ya mafua ilikuwa inazunguka dunia nzima. Ilifuata njia za askari na wapagazi. Wanahistoria wanakisia kwamba Tanganyika ilipoteza watu kati ya 50,000 na 80,000 kwa homa ile. Watu walikuwa tayari wamechoka, chakula chao kimechukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, wanaume wamepelekwa upagazi. Bibi yangu aliwahi kusema kwamba mama yake alizika watu watatu kwa wiki moja na hakukuwa na mtu wa kuchimba kaburi la wa nne. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni hadithi ya kututisha tulale.

Gonjwa ambalo sisi wenyewe tulilishuhudia ni UKIMWI. Miaka ile ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, hapa mwambaoni kila wiki kulikuwa na tanga. Na huko milimani ni wakati ule ule ambapo ushirika wa kahawa ulikuwa umeanguka na watu wanadai malipo yao. Wanawake walibaki wajane bila kahawa na bila mume. Vikundi vya kuzikana vilizaliwa hapo. Mimi nilikuwa kwenye kimoja, tunachanga unga debe moja, kuni, na sanda. Kwa hiyo ile mia tano si jambo lililoletwa na mgeni. Lilikuwapo, ila halikuwa na sanduku.

Sasa nije kwenye korona yenyewe.

Jumatatu tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, aliyeingia kutoka Ubelgiji kwa ndege kule Kilimanjaro. Sisi tulisikia redioni jioni. Kesho yake shule zikafungwa. Nakumbuka watoto walishangilia barabarani kama ni likizo ya kawaida, na mimi nilicheka nao. Mwanachama wetu mwalimu wa chekechea hakucheka. Chekechea yake ilikuwa ya kulipiwa na wazazi kila mwezi, na mshahara wake ulitoka humo humo.

Nchi yetu haikufungia watu ndani. Masoko na nyumba za ibada viliendelea. Lakini ziwa hili lina nchi tatu. Malawi ilitangaza hali ya maafa tarehe 20 Machi, na Msumbiji hali ya dharura kuanzia tarehe 1 Aprili. Wale wenzetu waliokuwa wakiuza vitenge na ndoo kwa watu wa Likoma na wa upande wa Msumbiji, biashara ilikatika kwa wiki moja. Kule Malawi Serikali ilitaka kufungia watu ndani kuanzia tarehe 18 Aprili, wananchi wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikazuia. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kumwambia mtu akae ndani bila kumwambia atakula nini. Nilipolisikia hilo nikasema hawa wametusemea na sisi, maana hata bila kufungiwa, wateja walijifungia wenyewe. Gulio lilikuwa wazi lakini watu hamna. Mama lishe anapika sufuria ya wali, jioni anakula yeye na watoto wake. Tangawizi na malimao vikapanda bei kwa sababu kila nyumba inapika dawa na kupiga nyungu. Sukari nayo ikaadimika nchini mpaka Serikali ikatangaza bei elekezi.

Jumatano ya mwisho ya Machi tulikutana. Sanduku lilikuwa na fedha taslimu shilingi 1,140,000, na nje kwa wakopaji kulikuwa na 3,900,000. Mfuko wa jamii ulikuwa 186,000. Kabla sijamaliza kufungua kikao mama mmoja akasimama akasema, "Mwenyekiti, mimi naomba tuvunje. Kila mtu achukue chake akafe nacho kwake." Wengine wakaitikia. Wakaongezeka. Nikahesabu mikono 13, zaidi ya nusu. Nakiri mbele yenu kwamba hata mimi moyoni nilitaka tuvunje. Nilikuwa na hisa nyingi na sikuwa na mkopo.

Aliyetuzuia ni bibi mmoja wetu, muuza muhogo, asiyejua kusoma, ambaye mwaka mzima alikuwa anasema labda mara mbili. Alisema hivi: "Mkivunja leo mtagawana nini? Pesa haimo mle sandukuni. Imo kwenye nyavu na sufuria zetu. Aliyekopa ataondoka nayo, na aliyetunza ataondoka na makaratasi." Watu wakanyamaza. Kweli tupu. Wenye hisa tulikuwa tunadai zaidi ya milioni tano, na ndani kulikuwa na milioni moja na kidogo. Kuvunja siku ile ilikuwa ni kuwasamehe wadaiwa na kuwaadhibu wawekaji, tena wadaiwa wenyewe hawakuwa wabaya, hawana wateja. Tukarudia kura. Wakabaki wanne wa kuvunja.

Lakini tungekutanaje? Maagizo yalikuwa umbali wa mita moja, maji tiririka na sabuni, na msongamano upungue. Hili ndugu zangu si jambo dogo kama linavyoonekana. Ulinzi wa kikundi chetu ni macho. Kila mtu anaona pesa inahesabiwa. Ukisema waje watu wachache, walioko nyumbani wanaanza kuota kwamba wanaibiwa. Tulijaribu kwanza kutumiana kwa simu. Ilishindikana. Wanachama saba hawakuwa na simu zao wenyewe, na makato ya kutuma shilingi elfu mbili yanakula hisa kama panya. Halafu mume wa mmoja wetu aliziona pesa kwenye simu akazitumia.

Ndipo tukatumia yale makundi yetu ya dhamana ya watu watano watano. Tulikuwa na makundi matano, la mwisho lilikuwa na wanne. Kila kundi lilikutana lenyewe kwa jirani, likakusanya, likamtuma mjumbe mmoja. Wajumbe watano, washika funguo watatu, mhazini na mimi, tukawa kumi chini ya mwembe, kila mmoja na kigoda chake mita moja moja, kibuyu chirizi kimening'inia kwenye tawi. Na wajumbe walibadilishana kila wiki, wala hakuna aliyekwenda mara mbili mfululizo. Kiasi kilichobaki kilikaririwa na mjumbe, naye akirudi anawakaririsha wenzake wanne. Wiki inayofuata mjumbe mpya anakitaja. Miezi mitatu tulikwenda hivyo, na hesabu haikupishana hata mara moja. Wiki moja tu kundi la nne lilitaja pungufu shilingi 500, tukarudi nyuma, kumbe lilikuwa sahihi wao na sisi ndio tuliokosea.

Mfuko wa jamii sasa. Tulikubaliana mwanachama aliyekosa kipato apewe 20,000 bila riba na bila tarehe ya kurudisha. Tuliandika "bila tarehe" kwa makusudi. Kundi lake ndilo linalosema anastahili, yeye mwenyewe haombi. Hapo niliwakumbuka wale watu wa sengu. Katika wiki tatu tulitoa kwa watu tisa, jumla 180,000. Wa kwanza alikuwa yule mwalimu. Mwingine alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya wageni, ambako wageni waliacha kuja, akaambiwa apumzike bila malipo. Baada ya hapo mfuko ulibaki na 6,000. Yaani miaka mitano ya kuulalamikia mfuko kwamba unakaa bure, na ulipohitajika ulidumu wiki tatu. Kila Jumatano ilileta elfu chache, zikatoka hapo hapo.

Tukaingia kwenye mfuko wa mikopo. Hapa palikuwa na ubishi mkali, siwezi kuficha. Wenye hisa nyingi walisema marejesho ni marejesho. Mwisho tulikubaliana kwamba kwa Aprili, Mei na Juni, mwenye mkopo alipe anachoweza na riba isimame, na mikopo mipya isitolewe isipokuwa ya kununua chakula au mtaji mdogo wa biashara iliyo hai. Biashara iliyokuwa hai ni ipi? Washonaji wawili waligeuka kushona barakoa za vitenge. Watatu wakatengeneza sabuni ya maji. Wengine walikwenda kupikia watu wa ujenzi wa barabara, maana lami ya kilomita 66 ya Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuwa inajengwa miaka ile. Gharama ya kusimamisha riba ilionekana Desemba. Mgawo wa 2020 ulikuwa mdogo kuliko wa miaka yote mitano iliyotangulia, na wanachama watatu waliondoka kwa hasira. Siwalaumu. Mmoja wao amerudi.

Mnaniuliza, na Serikali je? Nieleze ninavyofahamu, maana vijana wengi wanadhani mikopo ya halmashauri ilikuja na korona. Haikuja na korona. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Tulikuwa tumeomba mwaka 2019 tukarudishiwa fomu kwa sababu hatukuwa na akaunti ya benki wala mchanganuo wa biashara. Korona ilipoingia fomu ilikuwa uvunguni mwa kitanda changu. Laiti tungeikamilisha mapema! Tulifungua akaunti, tukajisajili kama sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavyotaka vikundi kama vyetu, daraja la nne, na tulipata mkopo mwaka 2021, gonjwa likiwa limeshatupiga mara mbili. Tulirudisha wote. Baadaye, Aprili 2023, mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Nasema haya ili mjue kwamba mlango ule ni mzuri lakini hauko wazi kila siku, na usiku wa dhiki huwezi kuanza kutafuta picha ndogo na barua ya mtendaji.

Wenzetu wanne wenye hali ngumu kabisa walikuwa kwenye orodha ya TASAF, na ruzuku ile iliwasaidia. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo nafuu wa zaidi ya shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchini kote. Mama lishe wetu wawili walipikia mafundi wa madarasa. Ndivyo pesa ya dunia ilivyotufikia sisi, kwa sahani ya ugali na dagaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuandika.

Shule zilifunguliwa zote tarehe 29 Juni 2020. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeishia 480 mwishoni mwa Aprili, na baada ya hapo kwa muda mrefu hatukusikia hesabu mpya. Sisi tukasema limekwisha. Julai tukarudi kukaa wote pamoja, riba ikarudi, na faini ikarudi: kuchelewa 500, kutokuja bila taarifa 2,000. Tulirudi kwa ukali, maana tulikuwa tumepoteza pesa na tulitaka zirudi. Mkali kuliko wote nilikuwa mimi.

Januari na Februari 2021 likaja tena. Safari hii watu hawakulitaja jina. Tulikuwa tunaambiana fulani ana "changamoto ya kupumua", na unaelewa. Mmoja wa washonaji wetu hakuja Jumatano tatu mfululizo. Hakutoa taarifa. Kundi lake liliuliza, likaambiwa yuko kwa mama yake kijiji cha juu. Jumatano ya tatu nilisimama nikasoma faini yake, 6,000, na kwa kuwa marejesho yake nayo yalikuwa nyuma nikasoma na hilo, mbele ya watu wote. Katibu aliandika. Hakuna aliyepinga.

Alikuwa anamuuguza mama yake. Hakutoa taarifa kwa sababu aliogopa watu wakisikia mama ana shida ya kupumua hakuna atakayenunua nguo aliyoishona. Habari ya faini ilimfikia huko huko, na jinsi alivyo mwenye haya hakusema neno. Alikwenda kwa mkopeshaji mmoja wa mikopo hii inayoitwa kausha damu, akachukua pesa ya kulipa kikundi na ya dawa, akaweka rehani cherehani yake. Alitulipa, riba na faini vyote. Nilipokea pesa ile kwa mkono wangu nikamsifu mbele ya wenzake kwa uaminifu. Mama yake alifariki wiki ile ile. Mwezi uliofuata cherehani ilichukuliwa.

Tulipojua, mfuko wa jamii ulikuwa mtupu, tulikuwa hatujaujaza tangu mwaka uliopita kwa sababu kila mtu alikuwa anakimbilia hisa. Kwa hiyo kwenye msiba ule tulichanga kwa mikono, unga, dagaa, na shilingi tulizokuwa nazo kwenye pindo za khanga. Ilikuwa kama tulivyokuwa tunafanya miaka ya UKIMWI, kana kwamba sanduku halikuwahi kuwapo.

Nimejiuliza mara nyingi. Mwaka 2020, wakati wote tunaogopa, tulikuwa na huruma. Mwaka 2021, wakati tunaona tumepona, tulimtoza faini mtu anayeuguza. Sijapata jibu la kuniridhisha. Nadhani mwaka wa kwanza kila mmoja alijiona anaweza kuwa yeye. Mwaka wa pili tulimwona ni yeye peke yake.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Kikundi kiligawanyika kidogo kwa maneno ya mitaani. Mimi nilichanja mwezi mmoja baadaye, mkono uliniuma siku mbili, basi. Tulikubaliana lisiwe jambo la kikao.

Januari 2022 tulibadilisha katiba. Kifungu cha 9, ambacho wapya wanakiona kirefu, kilitungwa siku hiyo. Kinasema hakuna faini kwa mgonjwa wala anayeuguza, na anayethibitisha ni kundi lake wala siyo daktari. Kinasema deni halitasomwa kwa jina kikaoni kabla viongozi wawili hawajamtembelea mwenye deni nyumbani kwake. Na kinasema mfuko wa jamii usishuke chini ya kiasi cha kuwapa theluthi moja ya wanachama 20,000 kila mmoja, na ukishuka, ununuzi wa hisa unasimama mpaka ujae. Hicho cha mwisho ndicho kinachopendekezwa kifutwe. Wanaopendekeza wana hoja: thamani ya shilingi inashuka, pesa inayolala inapungua, na tangu 2022 mfuko haujatumika hata nusu. Shirika la Afya Duniani nalo lilitangaza mwezi Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Mtu anaweza kusema basi, tuendelee na mambo mengine. Mimi kura yangu mnaijua, lakini ni moja tu kama yako.

Leo tuko 30. Jumatano iliyopita mfuko wa jamii ulikaririwa shilingi 274,500. Mkutano mkuu ni baada ya sherehe, na kifungu cha 9 ni ajenda ya tatu. Yule mwenzetu mshonaji aliacha kuja karibu mwaka mzima. Nilimwendea nyumbani mara nne kabla hajarudi. Nilimsomea ukurasa huu kabla haujachapwa, akasema niandike, ila jina niliache. Bado hajapata cherehani yake mwenyewe. Anakodi ya jirani kwa siku, na Jumatano anakaa na kundi la tatu, mstari wa mbele, karibu na sanduku.